Waja Leo, Waondoka Leo: Meli za Watalii Tangu Korona

Mjomba wangu kaacha kazi ya bandari siku nyingi, ila bandari haijamwacha. Kila siku akishasali alasiri hupanda baiskeli yake, akakata mji kutoka Makorora mpaka Raskazone, akaiegemeza kwenye shina la mti, akakaa kutazama meli. Huzijua kwa umbo kabla hata jina halijasomeka: ile ya klinka ya saruji, ile ya mafuta, ile ya magari. Akikosea husingizia miwani.

Siku niliyomfuata pale nilimwamkia, akaitikia bila kugeuza shingo.

"Marahaba, mjomba." Sisi huitana mjomba kwa mjomba. "Hebu niambie. Zile meli zenu zinakuja lini?"

"Zenu" maana yake zangu mimi, kwa kuwa katika ukoo mzima ni mimi tu niliyewahi kuishi ndani ya meli ya watalii. Na swali lake lina mantiki. Miaka yote aliyofanya kazi yeye, meli kubwa haikugusa Tanga. Ilitia nanga nje huko, kiasi cha kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa mpaka ukutani, mzigo ukapakuliwa mara ya pili. Mgongo wake ni shahidi. Sasa kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, zimejengwa gati mbili za mita 450, mradi umekula shilingi bilioni 429.1, na meli inakuja kuegama yenyewe kama mgeni anayeujua mlango. Kwa hesabu ya mjomba, kilichobaki ni wazungu kuteremka.

Nilimwambia kwa upande wa kina hakuna neno. Meli za watalii hata zile kubwa kabisa hazizami sana, kama mita 9 hivi, zinaelea kama kopo. Akafurahi. Sikummalizia habari nusu ya pili, maana jua lilikuwa linatua na habari yenyewe ni ndefu. Ndiyo hii ninayoandika.

Nilianza kazi hiyo mwaka 2017. Nilikuwa nimetoka kwenye hoteli Zanzibar, mtandika vitanda, nikasikia Mombasa kuna wakala anayepeleka watu melini. Nikavuka mpaka wa Horohoro na bahasha ya vyeti. Wakala yule simtaji, ila alinila dola mia kadhaa za "usajili", na nilikuwa nimeshavuka bahari mbili ndipo nikaambiwa kwamba mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Basi. Pesa zilishaenda.

Melini wafanyakazi wengi ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia. Waafrika tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na Mtanzania nilikuwa peke yangu, wakaniita "Kenya" kwa miezi miwili mpaka nikachoka kukanusha. Kazi yangu ilikuwa vyumba: vyumba 14, mara mbili kwa siku. Asubuhi unasafisha, unatandika, unabadilisha taulo. Jioni abiria wakienda kula unaingia tena, unafungua shuka pembeni, unapunguza taa, unaacha chokoleti juu ya mto wa kulalia na taulo uliyoikunja umbo la tembo au nyani. Nyani nilikuwa namning'iniza na hanga ya nguo. Kuna watoto walikuwa wanapiga kelele za furaha mpaka chumba cha tatu.

Likizo ya melini wakati ule, kwa jinsi nilivyoiona kutokea chini, ilikuwa kitu cha kusongamana. Watu walipanga foleni ya bafe na kila mmoja akashika koleo lile lile aliloshika mwenzake. Walimpa nahodha mkono. Na siku ya kwanza, kabla ya kung'oa nanga, honi ililia mara saba kwa ufupi na ya nane kwa urefu, wote wakapanda staha, watu zaidi ya elfu mbili juani, majaketi ya rangi ya chungwa shingoni, sisi tukiita namba za vyumba. Walinuna sana. Lakini zoezi lile lilikuwa na sababu yake: Januari 2012 Costa Concordia ilipopasuka kwenye mwamba wa Italia na kuua watu 32, wamo abiria waliokuwa wamepanda jioni ile ile na hawakuwa wameonyeshwa hata mahali pa kusimama. Baada ya hapo ikawa meli haiondoki mpaka zoezi lifanyike.

Februari 2020 tulikuwa Karibi tuliposikia habari za Diamond Princess, meli ya watalii kama yetu, imefungiwa Yokohama, Japani, na watu 3,711 ndani. Abiria wetu waliitazama kwenye televisheni za vyumbani na kusikitika. Sisi kule chini, kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, tuliitazama kwa jicho jingine. Abiria wamefungiwa vyumbani, sawa. Sasa nani anawapelekea chakula? Mfilipino mmoja tuliyekuwa tukilala naye kabini moja, yeye kitanda cha juu mimi cha chini, akasema: "Ni sisi." Na kweli walikuwa wao. Wafanyakazi wa meli ile waliendelea kupika na kubeba sinia na kulala wawili wawili, huku idadi ikipanda mpaka waliopimwa na kukutwa na virusi wakafika 712.

Mwezi ule ule Westerdam ilikataliwa na bandari tano mfululizo, kuanzia Japani mpaka Thailand, hadi Kambodia ikawaambia njooni. Machi ikawa zamu ya Zaandam, ikizunguka Amerika ya Kusini na wagonjwa na maiti ndani, kila bandari inageuza uso. Kwa mtu wa Pwani hili ni jambo gumu kulimeza. Chombo kikija na shida, unakipokea kwanza, maswali baadaye. Lakini nani angewalaumu? Hofu ile wote tuliionja.

Tarehe 14 Machi Marekani ilipiga marufuku safari zote. Abiria wetu wakashuka. Sisi hatukushushwa. Meli ikaenda kutia nanga Bahama, na pale tukakuta nyingine, na siku ya pili zikaongezeka, mpaka usiku ukitazama upeo wa bahari unaona taa kama mji, mji usio na barabara wala adhana. Tukahamishiwa vyumba vya abiria, mtu mmoja mmoja, ili tusiambukizane. Nikapewa chumba chenye roshani ambacho mwenyewe nilikuwa nimekisafisha miezi mitano. Sinia likawa linaachwa mlangoni, mletaji anabisha, anakimbia. Siku ya kwanza nilikunja taulo umbo la tembo nikaliweka kitandani kwangu. Siku ya pili nikaona ni upuuzi, nikalikunjua.

Mshahara ulikatika baada ya wiki kadhaa. Chakula na kitanda viliendelea. Ilipofika Mei, wafanyakazi zaidi ya 100,000 duniani walikuwa bado wamekwama ndani ya meli za watalii kama sisi, na kampuni zikaanza kutuhamisha kutoka meli hii kwenda ile, Waasia huku, Wazungu kule, ili meli zenyewe zituvushe bahari kama mizigo. Waafrika tulikuwa wachache mno kupewa meli, tukabandikwa kwenye ya kwenda Ulaya. Nilikuwa na mwenzangu wa Likoni, Mombasa. Anga ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 18 Mei, ya Kenya ikafunguliwa tarehe 1 Agosti. Watu wawili ambao nyumbani kwetu ni mwendo wa basi la asubuhi tu, mimi nikaruka Julai, yeye akabaki anapiga simu ubalozini.

Nilipofika Tanga mama hakuniuliza cheti cha kipimo. Alikuwa na chungu jikoni tayari: mchaichai, mwarobaini, malimau, tangawizi. Nikafunikwa blanketi, nikajifukiza mpaka machozi na makamasi vikachanganyika, naye nje ya blanketi anasema, "Vuta, vuta, usitoke." Kama nilitoka na kitu huko Bahama, sijui. Kama nilikuwa nacho, kiliona cha moto.

Mwaka na nusu nikaendesha bajaji. Kijiweni pale Ngamiani ndipo nilipoona kwenye simu picha za Aliağa, Uturuki: Carnival Fantasy, Inspiration na Imagination zimepandishwa ufukweni bega kwa bega, zinakatwakatwa vyuma. Meli kongwe ndizo zilizouawa na korona. Abiria mmoja alinigonga bega, "Bosi, twende basi," nikaiweka simu mfukoni. Wakati huo nilidhani biashara nzima imekufa.

Haikufa. Chama cha kampuni za meli hizo, CLIA, kinahesabu abiria milioni 29.7 mwaka 2019 na milioni 34.6 mwaka 2024. Kitu kilichoitwa jeneza linaloelea kimepata wateja kuliko mwanzo. Mimi mwenyewe niliitwa tena mwanzoni mwa 2022, kampuni nyingine, nikaenda. Mama alinuna wiki nzima, kisha akanifungia visheti.

Mwanzoni ilikuwa cheti cha chanjo, kijiti puani kila wiki, barakoa mpaka kwenye ngazi za wafanyakazi. Julai 2022 mamlaka ya afya ya Marekani ikafunga mpango wake wa korona kwa meli za watalii, na kufikia mwisho wa mwaka ule barakoa zilikuwa zimekwisha kabisa. Ukipanda meli leo huoni dalili ya ugonjwa. Ndiyo maana watu hudhani mambo yamerudi vile vile. Hayajarudi. Vilivyoondoka ni vile vilivyoonekana.

Chukua zoezi la honi. Kuepuka msongamano, Royal Caribbean ilitangaza katikati ya 2020 kwamba kila abiria atatazama video kwenye simu yake, kisha apite mwenyewe kituoni kwake wakati anaoutaka, kadi ilie "tit", aende zake. Kampuni nyingine zikafuata, na hakuna aliyetaka kurudi kwenye jua. Abiria wanaupenda utaratibu huu kuliko jambo lolote jipya. Mimi siupendi. Siku ya nne ya safari moja bibi mmoja wa chumba changu aliniuliza boti lake la kuokolea liko wapi. Alikuwa ameitazama video yote, baa, glasi mkononi, akapita kituoni, kadi ikalia. Nilimshika mkono nikampeleka mpaka pale, ngazi mbili juu, kushoto. Akasema, "Kumbe ni boti kweli." Alidhani ni mapambo.

Bafe nayo ina kisa chake. Tulipoanza upya, abiria hakuruhusiwa kugusa upawa. Sisi tulisimama nyuma ya kioo tukipakua, yeye ananyoosha kidole. Watu walikula kidogo, chakula kikatupwa kidogo, wakubwa wakafurahi. Lakini abiria walilalamika na makoleo yakarudi mikononi mwao. Kilichobaki ni kunawa. Siku hizi kwenye meli nyingi unakutana na masinki kabla ya chakula, na mtu amesimama pale kukuimbia unawe. Hiyo si ya korona hata. Ni ya kirusi cha kuharisha na kutapika, noro, ambacho ile dawa ya kupaka mikononi hakijali sana. Kinataka maji na sabuni. Mwaka 2024 mamlaka ile ile ya Marekani iliorodhesha milipuko 18 ya magonjwa ya tumbo kwenye meli inazozisimamia, na mingi ilikuwa ya noro. Nilicheka peke yangu siku kampuni ilipotuita mafunzo ya nusu siku kuhusu kunawa kabla ya kula. Sisi tuliolelewa na birika na beseni, mtoto mdogo ndiye anayezungusha, tulisaini karatasi ya kuhudhuria tukatoka.

Vyumba ndivyo vilivyoniuma. Wakati wa korona ilikuwa busara: tusiingie mara nyingi chumbani kwa mtu. Mara moja kwa siku, basi. Korona ikaisha, mara moja ikabaki, na kwa kuwa naingia mara moja, nikaongezewa vyumba. Kutoka 14 nikawa na 22. Kampuni kubwa moja baada ya nyingine zilifanya hivyo kati ya 2022 na 2023. Sizishangai: zilikaa zaidi ya mwaka bila kuingiza senti huku meli zikinywa mafuta, deni la kampuni ya Carnival peke yake lilivuka dola bilioni 35. Deni lile lazima mtu alilipe, na baadhi yake limelipwa na kiuno changu. Abiria naye amelipa yake. Vitu vilivyokuwa ndani ya nauli vimetolewa kimoja kimoja na kupewa bei, mgahawa huu, chumba kile, kinywaji hiki, na bakshishi inayokatwa moja kwa moja imepanda mpaka kati ya dola 16 na 20 kwa kichwa kwa siku kwenye kampuni nyingi. Watu wakiona makato hayo hawaachi tena noti mezani. Nyani wa taulo nilimwacha. Hana muda wake kwenye vyumba 22.

Tena chumba chenyewe mara nyingi hakifunguki. Tangu 2022 meli zimefungwa mitambo ya Starlink, intaneti ya setilaiti, ikawa kama ya nyumbani. Nilikuwa na kijana mmoja, Mmarekani, siku nane kaning'iniza mlangoni kadi ya "usisumbue" tangu asubuhi hadi saa kumi. Siku ya tano nikamkuta amefungua: meza imejaa vikombe, kompyuta mbili, shati limepigwa pasi juu, chini kaptula ya kuogelea. Bosi wake hakujua kwamba yuko baharini. Zamani mtu alipanda meli ili asipatikane. Huyu alipanda ili apatikane bila kuonekana alipo. Alinipa dola ishirini nisafishe upande ule ambao kamera haiuoni.

Lakini badiliko kubwa liko nje ya meli, na ndilo nusu ya pili ya jibu langu kwa mjomba.

Meli ilipata kuwa chombo cha kukufikisha mahali. Korona ilipofunga bandari zote, kampuni zikajaribu kuuza meli bila mahali. Novemba 2020 Singapore ikaanza safari zisizokwenda popote: unapanda Singapore, unaelea siku tatu nne, unashuka Singapore. Watu walinunua! Huko Italia MSC Grandiosa ilianza tena Agosti 2020, abiria wakaruhusiwa kushuka kwa ziara ya kampuni tu, wote pamoja, kama watoto wa chekechea walioshikana kamba. Familia moja ikajitenga na kundi Naples, ikarudi gatini, ikakuta haipandi tena. Kwa hali ya wakati ule ilikuwa sawa. Ila somo lilibaki vichwani mwa wenye meli: abiria anaweza kukaa ndani, akafurahi, na kila anachokula na kunywa kikabaki kwenye kadi yake ya chumba.

Ukilijua hilo, mengine yote unayaelewa. Icon of the Seas, iliyoanza safari Miami Januari 2024, inabeba abiria mpaka 7,600 na wafanyakazi 2,350. Ina mitelezo ya maji, barafu ya kuteleza, bustani yenye miti hai. Huyo wa ndani ashuke kufuata nini? Na akishuka, anashushiwa kwenye kisiwa cha kampuni, chenye mchanga wa kampuni, mwamvuli wa kampuni, baa ya kampuni. Carnival ilifungua ufuo wake wa namna hiyo kwenye kisiwa cha Grand Bahama, Bahama, Julai 2025, Celebration Key. Visiwa vya namna hiyo vilikuwepo kabla ya korona, sitii chumvi. Tofauti ni kwamba zamani vilikuwa kituo kimoja cha safari na sasa vinauzwa kama ndiyo safari.

Mwaka wangu wa mwisho nilibahatika kupelekwa meli ndogo zaidi, na kaskazi ilipovuma ikaja pande hizi: Durban, Zanzibar, Mombasa. Sikuamini. Asubuhi ya Zanzibar nilikuwa nikisafisha na dirishani naona Forodhani. Mama mmoja wa chumba changu, mstaafu, mwalimu, akaniuliza: "Panafaa kushuka?"

Nikamwambia panafaa. Nikamwambia atembee mpaka Darajani kabla ya jua kali, anunue karafuu, ale urojo, asiogope, aulize njia kwa mtu yeyote mzee. Nilizungumza mpaka nikasahau mto mkononi. Akanisikiliza kwa adabu zote. Saa nane niliporudi na halua yangu, maana nami nilipewa saa tatu za kushuka, nilimkuta kando ya bwawa, kitabu usoni. Alisema joto ni kali, na saa tisa kuna bingo.

Sikumchukia. Alikuwa amelipia bwawa lile. Lakini pale ngazini nilikuwa nimepita vijana wetu wamesimama tangu alfajiri, kofia za ukindu, vinyago, teksi zimeoshwa, na walioshuka wengi walipita moja kwa moja kwenye mabasi ya ziara zilizouzwa ndani ya meli. Kijana mmoja akanidhania abiria, akaanza Kiingereza chake. Nikamjibu, "Hujambo, mimi wa Tanga." Akacheka, akasema, "Aa, waja leo!" Hapo ndipo msemo wetu uliponigusa. Watu huwatania watu wa kwetu kwa huo, "Tanga waja leo, waondoka leo", na kila mtu ana maelezo yake. Ila hakuna waja leo waondoka leo kama wale wa kwenye meli yangu.

Usiku ule tukapanda kaskazini kupitia mkondo wa Pemba. Nilikwenda staha ya nyuma saa saba. Upande wa kushoto, mbali, kulikuwa na mng'ao wa taa chini ya mawingu. Simu ikashika mtandao wa nyumbani kwa dakika chache, ikaingia meseji ya kampuni ya simu inayonikumbusha kununua bando. Basi, hiyo ndiyo Tanga niliyoipata.

Bandari nazo hazijasahau. Februari 2024 Norwegian Dawn ilizuiwa kuingia Port Louis, Mauritius, kwa sababu watu kama kumi na tano walikuwa wametengwa na ugonjwa wa tumbo, ikahofiwa kipindupindu. Vipimo vikasema si kipindupindu, ikaruhusiwa. Mwezi uliofuata meli hiyo hiyo ikaacha abiria wanane São Tomé waliochelewa kutoka kwenye ziara waliyoipanga wenyewe, wakahangaika kuikimbiza mpaka Senegal. Sheria ya melini ndiyo hiyo tangu zamani, chelewa uachwe. Lakini kisa kile kilizunguka dunia nzima kwenye simu, na kila abiria niliyemhudumia baada ya hapo alikuwa anakijua. Fikiria wewe ni kijana wa Tanga mwenye gari safi na unataka kumpeleka mzungu kwenye mapango ya Amboni. Kabla hujafungua mdomo, yeye anaona São Tomé.

Kule kwenye bandari zenye majina makubwa wanahangaika kuwapunguza watalii wa meli. Venice ilizitoa meli kubwa kwenye mfereji wake wa Giudecca Agosti 2021. Ugiriki tangu Julai 2025 inamtoza kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos yuro 20 msimu wa watu wengi. Sisi tungewapa maji ya kunywa bure. Kwetu milango ilifungwa mara mbili: kabla ya korona kulikuwa na maharamia. Walipoishambulia Seabourn Spirit mwaka 2005 na MSC Melody mwaka 2009, meli za watalii ziliihama pwani yetu, zikarudi polepole, na ziliporudi ikaja 2020. Sasa hivi zinapita zaidi kidogo, kwa kuwa tangu mwisho wa 2023 Bahari ya Shamu haipitiki kwa amani na baadhi huzunguka Rasi ya Tumaini Jema kuhama kati ya Ghuba na Ulaya. Zinapita. Kutia nanga ni habari nyingine.

Nikimshauri mtu hapa mjini, ningemwambia aachane na ndoto ya zile za watu elfu saba. Kuna meli ndogo, za watu mia mbili au pungufu, ambazo abiria wake hawana mtelezo wa maji na wamelipa ghali ili washuke. Hao watataka Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na makaburi yake ya nguzo, watataka kusikia habari za silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria na wavuvi wetu wamekuwa wakimtoa kwenye nyavu. Ila wanataka choo safi, muongozaji anayejua anachosema, na dereva anayewarudisha nusu saa kabla. Hayo hayahitaji gati ya mita 450. Choo cha Amboni mimi nimekiona mwenyewe, na nitanyamaza hapo.

Yote haya nilimweleza mjomba wiki iliyopita, pale pale Raskazone, kwa kifupi kuliko nilivyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaokota kijiti, akakivunja.

"Kwa hiyo," akasema, "enzi zetu meli ilikaa nje, sisi tukaifuata na matishari. Sasa inafika mpaka ukutani, wao hawatoki."

"Wengine watatoka, mjomba."

"Wangapi?"

Kabla sijajibu honi ikalia. Kubwa, inaingia, tagi mbili mbele yake. Mjomba akasimama, akaweka kiganja juu ya macho. Ilikuwa ndefu, ukuta mtupu kuanzia juu mpaka majini, na kwa mazoea nikajikuta nahesabu madirisha.

"Ya magari hiyo," mjomba akasema. Halikuwepo hata moja.